Kweli au Si Kweli: Yanayosemwa Kuhusu 2,147,483,647

Namba yenyewe ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, mia nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Wanahisabati huiandika kwa kifupi 2³¹ − 1: unazidisha mbili 31 zenyewe kwa zenyewe, kisha unatoa moja. Anayetaka kuiona ikikua na aanze kibubu tarehe 1 Januari kwa shilingi moja, kesho yake atie mbili, keshokutwa nne, na kila siku atie mara mbili ya jana. Usiku wa tarehe 31, kama hajafilisika, kibubu kitakuwa na shilingi 2,147,483,647 kamili. Za siku ya mwisho peke yake ni 1,073,741,824.

Namba kubwa hazina idadi, lakini hii imejaliwa umaarufu wa aina mbili. Kwa wanahisabati ni namba tasa iliyotukuzwa kwa karne nzima. Kwa watu wa kompyuta ni kikomo, mahali ambapo kaunta hugota na mifumo huanza kuweweseka. Uvumi mwingi unaoizunguka hutokana na kuchanganya mambo hayo mawili, na mwingine ni wa siku nyingi kuliko kompyuta zenyewe.

"Ni tasa kwa kuwa 31 nayo ni tasa"

Si kweli. Kwamba namba hii ni tasa, yaani haina kigawo isipokuwa 1 na yenyewe, hilo halina ubishi. Kosa liko kwenye "kwa kuwa".

Kipeo, yaani ile namba ndogo iliyo juu ya 2, kisipokuwa tasa, namba ya umbo hili haiwezi kuwa tasa. Mathalani 2⁶ − 1 ni 63, na kwa kuwa 6 inagawanyika kwa 2 na kwa 3, basi 63 inagawanyika kwa 2² − 1 na kwa 2³ − 1, yaani 3 na 7. Kwa hiyo kipeo tasa ni sharti la lazima. Lakini kutimiza sharti hakukupi uhakika wa matokeo. 2¹¹ − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 mara 89. 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47. 2²⁹ − 1 ni 233 mara 1,103 mara 2,089.

Mtego huu umewanasa wakubwa. Pietro Cataldi wa Bologna alithibitisha mwaka 1588, kwa kugawanya moja moja bila kuchoka, kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Sifa hiyo ni yake. Kisha akaongeza vipeo 23, 29, 31 na 37 kwenye orodha, na katika hivyo vinne alipatia kimoja tu, 31. Mwanahisabati Pierre de Fermat aliviondoa 23 na 37 mwaka 1640, na Leonhard Euler akakiondoa 29 karibu miaka mia moja baadaye. Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa ambaye namba za umbo hili zimepewa jina lake, alitoa orodha yake mwaka 1644 akavitaja 31, 67, 127 na 257. Viwili ni sahihi, 31 na 127. Vile vingine viwili si sahihi, na tena aliviruka 61, 89 na 107 vilivyostahili kuwamo. Vigawo vya ile ya 67 vilisubiri hadi 1903, Frank Nelson Cole wa Marekani alipoonyesha kuwa 2⁶⁷ − 1 ni 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Fermat naye hakusalimika. Aliamini kwamba 4,294,967,297, ambayo ni namba yetu mara mbili ukiongeza tatu, ni tasa. Ni 641 mara 6,700,417, na aliyeligundua hilo ni Euler huyo huyo.

"Euler aliithibitisha kichwani, kwa kugawanya maelfu kwa maelfu ya mara"

Si kweli, na ukweli ni mtamu kuliko hadithi.

Euler, Mswisi aliyekuwa akiishi St. Petersburg, alitangaza mwaka 1772, katika barua kwa mmoja wa wanahisabati wa ukoo wa Bernoulli, kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa, na uwezo wake wa kukokotoa bila karatasi ulikuwa wa kutisha. Hadithi imechukua mambo hayo mawili ikajenga picha ya mzee anayegawanya gizani usiku na mchana. Kilichofanyika ni werevu zaidi kuliko msuli.

Njia ya kawaida ya kuhakiki namba tasa ni kuigawa kwa kila namba tasa hadi kipeuo chake cha pili. Kwa namba hii kipeuo hicho kinazidi kidogo 46,340, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Hiyo ni kazi ya kumvunja mtu moyo kabla hajafika katikati. Euler aliipunguza kwa hatua mbili.

Ya kwanza inatoka kwa Fermat. Tuseme kuna namba tasa, tuiite q, inayoigawa 2³¹ − 1 bila baki. Maana yake ni kwamba 2³¹ ukiigawa kwa q hubaki 1. Fermat alikwishasema kwamba 2 ikipandishwa kwenye kipeo q − 1, ukigawa kwa q, nayo hubaki 1. Vipeo hivyo viwili havikukutana kwa bahati: kwa kuwa 31 ni tasa, lazima iigawe q − 1. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, kwa hiyo 62 nayo inaigawa. Hapo hapo 3, 5, 7, 11, 13 na wenzao wametupwa nje bila kugawanya chochote. Wanaobaki ni wale tu wanaozidi kigawe cha 62 kwa moja.

Hatua ya pili ndiyo inayonifurahisha zaidi. Ikiwa 2³¹ inaacha baki 1, basi 2³² inaacha baki 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Kwa hiyo, mbele ya q, namba 2 ni baki la mraba fulani, na namba tasa zenye sifa hiyo zinajulikana: ukizigawa kwa 8 hubaki 1 au 7, kamwe si 3 wala 5. Unganisha masharti yote, na kigawo chochote cha namba yetu lazima kiwe kigawe cha 248 ukiongeza 1, au kigawe cha 248 ukiongeza 63.

Sasa hesabu mwenyewe ni ngapi ziko chini ya 46,340. Kuanzia 249 na 311 kwenda juu, ni 372 tu. Na nyingi kati ya hizo zenyewe si tasa, kwa hiyo hazina haja ya kujaribiwa: 249 ni 3 mara 83, 497 ni 7 mara 71. Ya kwanza inayostahili jaribio ni 311, nayo inaacha baki 35. Inayofuata ni 1,303, nayo haiingii. Ukiendelea hivyo hadi mwisho, hakuna inayoingia bila baki. Kwa kuwa kigawo hakipatikani, namba ni tasa.

Simu iliyo mfukoni mwako ingeigawa kwa zile 4,700 zote kufumba na kufumbua. Lakini simu isingekuambia kwa nini karibu zote hazikuwa na haja.

"Hakuna namba tasa ya aina hii itakayopatikana kubwa kuliko hiyo"

Hili si la mtaani. Peter Barlow, mwanahisabati Mwingereza, aliliandika kitabuni mwaka 1811. Alikuwa akizungumzia namba timilifu, zile ambazo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha namba ile ile. 6 ni 1 na 2 na 3. 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14. Tangu enzi za Euclid ilijulikana kwamba kila namba tasa ya umbo la 2ᵖ − 1 huzaa namba timilifu ukiizidisha kwa 2ᵖ⁻¹. Ya kwetu inazaa 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni ya nane. Barlow akasema hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, maana hazina faida yoyote na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine.

Alikosea vibaya. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Mwezi Oktoba 2024 Mmarekani Luke Durant, akitumia kompyuta nyingi zilizosambaa duniani, alitangaza namba ya umbo hilo hilo yenye kipeo 136,279,841. Tarakimu zake ni 41,024,320. Ukichapisha tarakimu elfu tatu katika kila ukurasa, utahitaji zaidi ya kurasa 13,000.

Mimi simlaumu Barlow kwa hesabu yake, namlaumu kwa kuwadharau watu. Alidhani binadamu hutafuta kitu pale tu kinapomlipa.

"Namba timilifu huishia kwa 6 na 8 kwa zamu, na ya nane ina tarakimu nane"

Uongo wa kale sana, uliopita kutoka kitabu hadi kitabu kwa karne nyingi. Asili yake ni rahisi kuiona: namba nne za kwanza, 6, 28, 496 na 8,128, zina tarakimu moja, mbili, tatu, nne, na zinaishia kwa 6, 8, 6, 8. Aliyeishia hapo angeapa kwamba ameiona kanuni. Ya tano ni 33,550,336, tarakimu nane badala ya tano. Ya sita nayo inaishia kwa 6, kwa hiyo zamu imevunjika. Ya saba inaishia kwa 8, na ya nane, hii iliyozaliwa na namba yetu, inaishia kwa 8 vilevile na ina tarakimu 19.

Kilichobaki kweli ni kidogo lakini ni imara: namba timilifu iliyo shufwa huishia kwa 6 au 8 tu. Kuhusu witiri, hadi leo hakuna aliyepata hata moja, wala aliyethibitisha kwamba haipo.

"Ukiifanya kipeo cha 2, inazaa tasa nyingine"

Wazo linavutia. 3 ni tasa, na 2³ − 1 ni 7, tasa. 2⁷ − 1 ni 127, tasa. 2¹²⁷ − 1 ni tasa, kama alivyoonyesha Lucas. Je, 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, ukitoa moja?

Hapana. Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, haiwezi hata kuandikwa gazetini, lakini kigawo chake kimoja kinaenea kwenye mstari huu: 295,257,526,626,031. Kilipatikana mwaka 1983. Mwenye kikokotoo chenye nafasi ya kutosha aondoe 1 hapo, agawe kwa 2,147,483,647, atapata 137,490 bila baki. Ni kanuni ile ile ya Euler: kigawo huzidi kigawe cha kipeo kwa moja.

"Watengeneza kompyuta waliichagua kwa sababu ni tasa"

Si kweli hata kidogo, na hapa ndipo zile sura mbili za namba hii huchanganywa zaidi.

Kompyuta huhifadhi namba kwa biti, vinafasi vya 0 na 1. Kwa miaka mingi nafasi ya kawaida ya namba kamili ilikuwa biti 32. Biti moja hutumika kutofautisha chanya na hasi, zinabaki 31. Zote zikiwa 1, unapata 1 + 2 + 4 na kuendelea hadi 1,073,741,824, yaani kile kibubu cha Januari. Hicho ndicho kikomo cha upande wa chanya. Upande wa hasi unafika −2,147,483,648. Ukiongeza moja juu ya kikomo cha chanya, katika mifumo mingi hupati 2,147,483,648, unatupwa hadi chini kabisa kwenye hasi.

Utasa haukuulizwa na mtu. Angalia ndugu zake. Biti 8 zinaishia 127, tasa. Biti 16 zinaishia 32,767, ambayo ni 7 mara 31 mara 151. Biti 64 zinaishia 9,223,372,036,854,775,807, na hiyo inagawanyika kwa 7 mara mbili, kwa 73, kwa 127 na kwa wengine, kwa kuwa kipeo chake 63 si tasa. Kwamba kikomo cha biti 32 kimeangukia kwenye namba tasa ya Euler ni bahati tu.

"'Gangnam Style' ilivunja YouTube"

Chumvi. Mwezi Desemba 2014 wimbo wa Psy wa Korea Kusini ulipita utazamaji 2,147,483,647, na YouTube wenyewe wakatangaza kwa utani kwamba hawakuwahi kufikiria video ingeizidi kaunta ya biti 32. Habari zikasambaa kwamba mtambo umeanguka. Haukuanguka. Wahandisi walikwishaliona jambo hilo likija, wakabadilisha kaunta kuwa ya biti 64 mapema. Ile kaunta iliyozunguka ovyo ulipoisogezea kishale ilikuwa mzaha uliowekwa makusudi. Kikomo kipya kinazidi trilioni milioni tisa. Mwanamuziki atakayekifikia bado hajazaliwa.

"Ndege iliwahi kutakiwa izimwe ili namba hii isifikiwe"

Hili linaonekana la kubuni, kumbe ni kweli. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabisa kila baada ya muda, kwa sababu zikiwashwa mfululizo kwa siku 248 vidhibiti vya jenereta vingeweza kujizima vyote kwa pamoja. Chanzo kilielezwa kuwa ni kaunta ya programu iliyojaa. Piga hesabu: ukihesabu kila sehemu ya mia ya sekunde kwa biti 31, unafika kikomo baada ya siku 248 na nusu hivi. Ni ndege za aina hiyo ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea mwaka 2014. Hakuna ndege iliyoanguka kwa tatizo hilo, na ni nadra ndege kukaa miezi minane bila kuzimwa, lakini agizo lilikuwa la lazima.

Msomaji makini ameiona 248 ikirudi, ile ya Euler. Asiipe maana. Ya Euler inatokana na 8 mara 31. Ya ndege inatokana na urefu wa siku.

"Ni namba ya simu ya mtu"

Namba hii imewahi kukutwa kwenye orodha za wateja, wakati mwingine imejirudia mamia ya mara kwenye safu ya simu, na kuna waliofikiri ni tapeli mmoja anayejisajili kwa majina mengi. Wamarekani wamepata sababu ya ziada ya kuamini, kwa kuwa 214 ni msimbo wa Dallas, Texas, na tarakimu kumi ndizo za simu zao.

Si mtu. Ni hifadhidata. Fundi aliyeunda safu ya simu kama namba ya biti 32, kwenye programu ya hifadhidata ya MySQL isiyowekewa masharti makali, ameiambia kompyuta ipokee kitu chochote lakini isivuke kikomo. Namba ya Tanzania ikiandikwa na 255 mbele, au ya Kenya na 254, ni zaidi ya bilioni 250, zaidi ya mara mia moja ya kikomo. Hifadhidata haikatai, inakata, na kuandika 2,147,483,647. Mteja wa kwanza, wa pili na wa elfu wote wanapata simu moja, na namba zao halisi zimepotea kabisa. Dawa ni kuhifadhi simu kama maandishi. Simu haijumlishwi wala haizidishwi, haina sababu ya kuwa namba.

Fedha nazo zina mtego wake. Mfumo unaohifadhi senti kwenye biti 32 unaishia shilingi 21,474,836 na senti 47. Kwa shilingi za Tanzania hiyo ni bei ya gari lililotumika, si ya jengo.

"Utasa wake hauna faida kwa yeyote" na "Ndiyo inayolinda fedha benki"

Haya mawili yanapingana na yote mawili si kweli.

Faida ipo. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza njia ya chini kabisa inayokubalika ya kutengeneza namba nasibu kwenye kompyuta: chukua namba, izidishe kwa 16,807, ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5, kisha gawa kwa 2,147,483,647 na ubaki na baki. Rudia. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Kwa kuwa kigawanyo ni tasa na kizidishi kimechaguliwa vizuri, mlolongo huo hupita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, mara moja moja, kabla ya kurudi ulipoanzia. Hapo utasa unafanya kazi ya kweli. Fundi anayetaka kuhakiki programu yake ahesabu hatua elfu kumi kutoka 1. Asipopata 1,043,618,065 ana kosa.

Lakini asiitumie kutengeneza neno la siri wala kuchezesha bahati nasibu ya fedha. Aliyeona namba moja ya mlolongo huo anazijua zote zinazofuata. Na katika usalama wa benki, namba tasa ya tarakimu kumi ni ndogo mno. Ufunguo wa usimbaji wa RSA wa biti 2,048 una tarakimu 617, na nguvu yake ni kwamba anayetaka kuuvunja hajui ni namba tasa zipi mbili zilizozidishwa kuupata. Yetu inajulikana na kila mtu tangu 1772.

"Tarehe 19 Januari 2038 simu zote zitazimika"

Zote, hapana. Tatizo lenyewe ni la kweli.

Mifumo iliyofuata desturi ya Unix huhesabu muda kwa sekunde tangu kuanza kwa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich. Ukizihifadhi kwa biti 32, sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, mfumo usiorekebishwa utaamini kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901.

Simu na kompyuta za kisasa zinahesabu muda kwa biti 64, ambazo zinatosha kwa miaka ipatayo bilioni 292. Linux ilikamilisha sehemu kubwa ya marekebisho kwa mashine za biti 32 katika toleo la 5.6 la mwaka 2020. Hofu ya kweli iko kwenye vifaa vinavyofungwa na kusahaulika, kama mita, vidhibiti vya mitambo viwandani na vifaa vya mtandao vya bei nafuu, pamoja na hifadhidata za zamani. Aina ya tarehe iitwayo TIMESTAMP katika MySQL inaishia sekunde ile ile.

Wala si lazima tusubiri 2038. Mfumo wowote unaohesabu mbele unaugonga ukuta huo leo. Benki Kuu ya Tanzania inauza hati fungani za miaka 20 na 25, na zinazonunuliwa sasa zinaiva baada ya tarehe hiyo. Mikopo mirefu ya nyumba na michango ya pensheni ni hivyo hivyo. Kama unasimamia mfumo wa chama cha akiba, shule au hospitali, ingiza tarehe ya mwaka 2040 kwenye nakala ya majaribio, si kwenye mfumo wenyewe, uone inarudisha nini. Ikirudisha mwaka 1901, 1903 au 1904, mwite fundi wiki hii.